Kwa nini programu ya akili unde ilikosea saa za maji kujaa?

SWALI: Mimi ni nahodha wa mashua ya kutembeza wageni hapa Mombasa. Juzi binti yangu aliiuliza programu ya akili unde iliyo katika simu yake ni saa ngapi maji yatajaa Kilindini siku ya pili yake, nayo ikajibu kwa saa na dakika kamili. Tulipoiuliza tena ikataja saa nyingine, na zote mbili hazikuwa za kweli. Je, kitu hiki kina akili? Na kama kinayo, mbona kinasema uongo?

JIBU: Nahodha, jina lenyewe ndilo linalotupoteza kwanza. Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba au akili bandia, ni jina la fani nzima, na lilianza kutumiwa Marekani na John McCarthy na wenzake walipokuwa wakiandaa mkutano wa mwaka 1956 katika chuo cha Dartmouth. Ndani ya fani hiyo imo kompyuta iliyomshinda Garry Kasparov, bingwa wa sataranji, mwaka 1997. Imo programu inayoitambua sura yako simu ifunguke. Na zimo hizi zinazozungumza, zilizoenea baada ya ChatGPT kutolewa Novemba 2022. Swali lako lahusu hizi za mwisho.

Programu ya namna hii hulishwa maandishi mengi mno, kisha hupewa kazi moja kuu, yaani kukisia neno linalofuata. Ikikosea, tarakimu zilizo ndani yake, ambazo huweza kufika mabilioni, husogezwa kidogo ili safari nyingine ikaribie kupata, na zoezi hilo hurudiwa hadi inakuwa hodari wa kujua maneno yanavyoandamana. Kwa hiyo binti yako alipouliza, programu ilijua kwamba swali kama lile hujibiwa kwa saa na dakika, ikatoa saa na dakika. Haikutazama mwezi wala jedwali lolote, isipokuwa kama imeunganishwa na chanzo cha habari hizo. Tena mara nyingi haichagui daima neno linaloelekea kufuata kuliko yote, bali huachiwa nafasi ya bahati nasibu kidogo ili maneno yake yasichushe, na ndiyo sababu mlipata majibu mawili kwa swali moja. Uongo, kwa maoni yangu, si neno lake, kwani mwongo huijua kweli akaificha.

Linganisha na mashine aliyoibuni William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, mwaka 1872. Ilikuwa ya magurudumu na kapi, na ilikokotoa kupwa na kujaa kwa kujumlisha mivuto ya mwezi na jua, hesabu ile ile ambayo majedwali ya leo yamejengwa juu yake. Hakuna aliyedai kwamba ina akili, lakini ingekuambia saa za bamvua, yaani maji makubwa, na za maji mafu, yaani maji madogo, bila kuyumba, kwa sababu ilitengenezwa kwa kanuni za jambo lenyewe, wala haikutegemea maandishi ya watu kulihusu.

Liko na jambo jingine ambalo sisi wa pwani tunapaswa kulishuku. Maandishi ya Kiswahili yaliyomo katika mafunzo ya programu hizi ni machache sana yakilinganishwa na ya Kiingereza, na hesabu yetu ya saa haifanani na yao. Ukiandika "saa kumi", wewe wakusudia alasiri au alfajiri, nayo huenda ikaelewa saa nne ya asubuhi au ya usiku. Katika barua kosa hilo laweza kuchekesha. Kwenye mlango wa Kilindini, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mashua hukwama mchangani na wageni wako ndani.

Mwambie binti yako asiifute. Itumieni kuwaandikia wageni wa Ujerumani au Italia, ambako maneno ndiyo kazi yenyewe, na mtu anayeijua lugha hiyo aipitie barua kabla haijatumwa. Saa za maji zitoeni katika jedwali la mwaka huu. Mkitaka programu iwapangie safari za wiki, inakilieni tarakimu za jedwali hilo kwanza, mziandike kwa mtindo wa saa 24, kisha mlinganishe ratiba yake na jedwali mstari kwa mstari.