Sindano na Uzi: Taharizi ni kipande gani cha kanzu?

*Shikamoo dada. Najifunza kushona hapa Mwanza, magauni na sketi nishaanza kuzoea. Sasa mjomba kaniletea kitambaa anataka kanzu ya Idi. Nikampigia babu mmoja wa Tanga, fundi wa kanzu wa siku nyingi, akaniambia "kata badani, kata taharizi, usisahau kikwapa, kaba, lisani na sijafu", akakata simu. Naogopa hata kushika mkasi. Nisaidie.*

Marahaba mdogo wangu. Babu kakutajia kanzu nzima, tatizo wazee wa fani wanadhani kila mtu kazaliwa anajua hayo.

Badani ndo mwili wenyewe, kile kipande kirefu cha mbele na cha nyuma, kinashuka kutoka begani mpaka chini karibu na kifundo cha mguu. Hicho hakikusumbui. Taharizi ni vipande vya ubavuni, vinaingia kati ya badani ya mbele na ya nyuma, juu vyembamba halafu vinatanuka kadri vinavyoshuka. Kazi yake kumpa mtu nafasi ya kutembea, kupanda ngazi, kukaa chini msikitini bila nguo kumbana magotini. Gauni unalipanua chini kwa kulikata kwa mshazari, ila kanzu ya kizamani badani yake inakatwa imenyooka, huo upana unatoka kwenye taharizi. Ukizisahau utakuwa umemshonea mjomba foronya.

Kikwapa ndo kinachowashinda wengi. Ni kile kipande kidogo cha pembe nne kinachokaa kwapani, mkono unapokutana na taharizi. Mkono wa kanzu hiyo haukatwi kwa mviringo kama wa shati, unaungwa umenyooka, sasa bila kikwapa mtu akiinua mikono kusema Allahu Akbar kanzu yote inapanda juu, na siku akivuta kwa nguvu mshono unaachia hapohapo. Kiweke kona moja ielekee mkononi na ya pili ielekee chini ubavuni, uzi wa kitambaa utakaa mshazari na kitavutika kidogo. Kona zake usishone kwa haraka, ukifika kwenye ncha simamisha mashine sindano ikiwa ndani ya nguo, nyanyua mguu wa cherehani, geuza nguo, endelea.

Zilizobaki ni za kuimarisha tu. Kaba ni kile kitambaa cha ndani kinachozunguka shingo, ndo kinabeba darizi, yale mapambo ya uzi, isije ikavuta nguo. Lisani ni kipande kinachokaa chini ya ule mpasuko wa kifuani. Sijafu iko ndani ya mwisho wa mkono, pale nguo inaposuguana na kiganja kutwa nzima, kwahiyo usiibanie kitambaa. Na kama mjomba anataka kile kishada kinachoning'inia shingoni, hiyo ni staili ya Oman, muulize kabla hujafunga shingo maana inabadilisha umaliziaji wote. Kama kitambaa ni pamba kiloweke kikauke ndo ukate, la sivyo baada ya kufuliwa mara ya kwanza mjomba ataonyesha soksi.

*Habari dada, niko Nairobi. Fundi ameniambia ninunue bitana na gamu ya blauzi. Si ni kitu kimoja? Ama anataka kunikula pesa?*

Hakuli pesa yako, ni vitu viwili. Bitana ni nguo ya ndani inayoning'inia peke yake, inazuia blauzi kuonyesha mwili na inaficha mishono. Gamu ni kile kitambaa chenye gundi upande mmoja, kinagandishwa kwa pasi nyuma ya kola, kwenye kafu na kwenye mstari wa vifungo ili pasimame. Upande wenye gundi ukiupapasa unakwaruza kidogo, huo ndo unalala kwenye nguo. Ukiugeuza, gundi yote inahamia kwenye pasi, na kuisafisha ni shughuli. Bandika kwa kukandamiza, usiburuze pasi, na anza na kipande cha mabaki maana vitambaa vingine vinafanya mapovu.

*Dada mimi wa Mombasa nimeolewa Dar. Nilimwambia fundi anishonee rinda la kitenge, kanitolea sketi ya kukunjwakunjwa! Nimdai?*

Pole wifi, ila hapo sioni wa kumdai 😂 Kwenu rinda ni gauni zima, kwa fundi wa Dar marinda ni ile mikunjo inayolaliana kwenye sketi, kama sare za shule. Siku nyingine mpelekee picha. Halafu huyo kakushonea kitu cha gharama, usikidharau. Marinda yaliyolaliana vizuri yanakula kitambaa mara 3 ya kiuno, yaani kiuno cha sentimita 70 kinataka sentimita 210 kabla hujahesabu mishono, na upana mmoja wa kitenge haufiki hapo, lazima aunge viwili. Kama hicho kitenge kimebaki chochote mpelekee akufanyie blauzi ya juu, uvae pamoja, na umwambie ule mshono wa kuunga vipande viwili vya sketi aufiche ndani ya rinda moja.