Kabla hujaunga bomba la sampu, zima umeme kichwani

Jirani wa chini aligonga mlango saa tisa usiku, amejifunga kikoi, tochi ya simu mkononi. Hata salamu hakutoa. "Jirani, kwangu kunanyesha."

Umeme ulikuwa umekatika. Nilipopapasa kwenda sebuleni nikakanyaga maji vuguvugu, na kwa jinsi mguu ulivyonata nikajua ni ya chumvi. Kwenye kabati, chini ya tanki langu la samaki, sampu ilikuwa imejaa pomoni, maji yanateleza ukingoni taratibu bila sauti. Tanki la juu lilikuwa limeshuka sentimita nane. Samaki wako salama kabisa, wanatukodolea macho.

Kwa asiyejua, sampu ni tanki la pili linalofichwa chini ya lile la samaki. Maji ya juu yanafurika kupitia bomba la kushuka, yanaingia kwenye sampu, yanapita kwenye skima, chombo kinachotoa uchafu kwa mapovu, na hita, kisha pampu inayarudisha juu. Faida yake kubwa ni kwamba mitambo yote inakaa kabatini, na mfumo unakuwa na maji mengi zaidi, kwa hiyo joto na chumvi havibadiliki ghafla. Nilijenga ya kwangu hapa Dar kwa kuangalia picha, na picha zote zinaonyesha mfumo ukiwa unafanya kazi. Hakuna aliyenionyesha picha ya mfumo uliozimika.

Kilichotokea usiku ule ni kile kile fundi anachofanya akinyonya petroli kwa mpira. Mdomo wa bomba la kurudisha ulikuwa umezama sentimita nane ndani ya tanki la juu. Pampu ilipozima, maji yaliyokuwa ndani ya bomba yakaanza kurudi chini, yakavuta mengine, na uvutaji haukukoma mpaka usawa wa maji uliposhuka chini ya mdomo na hewa ikaingia. Tanki langu lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 45, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4. Nane zikawa lita 43. Sampu ina 90 kwa 35, yaani lita 3.15 kwa kila sentimita, na nilikuwa nimeiachia nafasi ya sentimita tano tu. Inapokea kama lita 16, basi. Zilizobaki, ndoo kubwa moja na ushee, zilipitia zulia langu zikaenda kwa jirani.

Hesabu hiyo ya dakika mbili ifanye kabla hujanunua hata elbo moja, kile kiungo cha kona. Pima kila tanki kwa ndani, tafuta lita kwa sentimita, halafu jiulize: umeme ukikatika sasa hivi, nini kitashuka? Kuna maji yaliyo juu ya ukingo wa kufurikia, kuna yaliyomo ndani ya mabomba, na kuna yale yatakayovutwa mpaka mdomo wa bomba la kurudisha utakapopata hewa. Jumla yake iingie kwenye sampu na bado ibaki nafasi. Isipoingia, badilisha bomba au punguza maji ya sampu.

Mimi nilipandisha mdomo mpaka sentimita moja na nusu chini ya uso wa maji, nikatoboa tundu mbili za milimita tano kwenye bomba lenyewe, chini kidogo tu ya uso. Maji yakishuka kidogo, tundu zinavuta hewa na mvuto unakatika. Ziwe mbili kwa sababu moja itazibwa. Ya kwangu ilizibwa na konokono mdogo aliyejikunyata humo kama amelipia kodi. Zielekeze chini, la sivyo zitarusha maji ukutani. Ile valvu ya njia moja ambayo muuza duka atakusifia usiikabidhi nyumba yako. Chembe ya mchanga au mwani ikinasa pale, haifungi tena, na utaligundua hilo usiku.

Bomba la kushuka nalo lina visa vyake. Mwanzo nilikuwa na moja la inchi moja, likakoroma kama choo kinachovutwa mchana kutwa, kwa sababu maji na hewa vinagombania njia. Sasa ninayo mawili. La kwanza limejaa maji matupu, na mtiririko wake nimeubana kwa geti valvu mpaka kelele zikaisha. La pili liko juu kidogo na linakaa kavu, linasubiri siku lile la kwanza litakapozibwa. Koki ya mpini wa kugeuza robo haifai hapa. Ukiigusa kidogo umepitiliza, wakati geti valvu unaizungusha nywele kwa nywele. Kwenye bomba la dharura usiweke koki ya aina yoyote, hata ukiipata bure. Na ncha ya lile la kwanza izame sentimita mbili au tatu tu kwenye maji ya sampu. Ikizama sana, umeme ukirudi hewa iliyonaswa ndani inashindwa kutoka, maji yanapanda tanki la juu, na unarudi kulitegemea lile bomba la dharura kila siku.

Kuhusu vifaa, Kariakoo utapata karibu kila kitu cha PVC, ila angalia usiuziwe koki au nipo (kile kipande kifupi cha kuungia) ya shaba ya njano. Shaba inayeyuka kidogo kidogo kwenye maji ya chumvi na inaua kamba na konokono kabla hujaelewa kuna nini. Weka yunioni, kiungo kinachofunguka bila kukata bomba, karibu na pampu, maana kuna siku utaitoa uisafishe, na bila yunioni dawa ni msumeno. Panga mabomba yote makavu kwanza, chora alama kwa kalamu ya wino kila kiungo, ndipo upake gundi. Mimi niligundisha elbo ikiwa imetazama ukuta.

Kama unatoboa kioo, hakikisha si kile kilichokaushwa kwa moto ili kiwe kigumu, maana kikiguswa na keekee kinamwagika chote kama sukari. Washa skrini ya kompyuta iwe nyeupe, iweke nyuma ya kioo, vaa miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi. Ukiona madoa au mistari meusi, usikitoboe.

Soketi ziwe juu ukutani, pembeni ya tanki, zisiwe sakafuni. Kila waya uache uning'inie chini kisha upande kuelekea soketi, ili tone linaloteremka liishie kwenye ule mkunjo. Ekstensheni yangu ilikuwa sakafuni usiku ule. Kilichonisaidia ni kwamba umeme haukuwepo.

Pampu usiinunue kwa maandishi ya boksi. Yangu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Nilipoipima kwa ndoo, baada ya kupanda mita moja na nusu na kupita elbo tatu, lita 20 zilichukua sekunde 45. Hizo ni lita 1,600, na kwa tanki la lita 270 zinanitosha.

Gundi ikishakauka siku nzima, jaza maji ya bomba, bila chumvi wala samaki. Washa. Zima. Subiri maji yatulie, washa tena. Mimi nilifanya hivyo mara kumi, mke wangu akawa ananiuliza kama nimeharibu swichi. Mara ya nne, kiungo kimoja kilianza kutoa jasho, nikafurahi kukiona siku ile.

Mwisho nilichora mstari mwekundu kwenye kioo cha sampu, pale maji yanapopaswa kuwa pampu ikiwa inafanya kazi. Maji matamu ya kufidia yanayokauka yanaongezwa mpaka pale, na si juu ya pale. Pembeni nimeandika kwa herufi kubwa USIZIDISHE, maana nikisafiri anayejaza ni mwanangu wa miaka tisa, na yeye anapenda kujaza.