Usipange timu kwa nchi walizotoka

Ukianza kufundisha mpira wa vijana kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huku Kasulu mkoani Kigoma, utapata wazo ambalo wengi wetu tumelipata: Wakongo timu yao, Warundi timu yao, halafu mcheze "mechi ya urafiki". Kupanga hivyo ni rahisi. Wakongo wapo tangu 1996, Warundi wengi waliingia 2015 kwao kulipochafuka, na kila upande una zoni zake, yaani sehemu zake za kambi. Lakini mtu akichezewa rafu moja tu, wanaoshangilia pembeni hawataji tena jina la mchezaji, wanataja kwao. Urafiki umeishia hapo.

Changanya tangu mazoezi ya kwanza. Mimi nahesabu moja, mbili, moja, mbili, hata ndugu wawili watengane, wanune wakitaka. Mrundi aliyefika juzi na Kiswahili bado kinampa tabu, mpange beki jirani na kijana Muha wa Makere, kijiji cha jirani. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo "toka, rudi, kaba" zitamfikia bila wewe kukauka koo.

Kinachoniudhi ni namna tunavyopokea vipaji. Mgeni anayejua kupiga chenga anapata jina la utani siku hiyohiyo. Mwenzake asiyejua hata kutuliza mpira anasukumiwa golini, anafungwa mawili, anatukanwa, wiki inayofuata humwoni. Na huyo ndiye aliyekuwa na shida ya marafiki kuliko wote! Mpe pampu na jezi akae nazo kwake. Mpira ukiisha upepo, utaona kundi zima linapita nyumba kwa nyumba likimuulizia kwa jina, na mama yake anaanza kuwajua watoto wa zoni nyingine.

Wasichana nao usiseme hawapendi michezo kwa sababu tu uliwaita saa kumi wasije. Saa hizo wengine wapo kwenye foleni ya maji. Waulize mama zao kwanza, ndipo upange muda wa netiboli.

Ukitaka kucheza nje ya kambi, shughulikia vibali mapema, maana mkimbizi haruhusiwi kutoka bila kibali. Na usiwatangazie vijana safari kabla karatasi hazijawa mkononi. Mgeni aliyekwishafua jezi yake halafu akaambiwa abaki, kumrudisha uwanjani ni kazi.