Yaya, kisiwa gani kwa mara ya kwanza?

SWALI: Yaya, mwezi wa 12 mimi na bwana yangu tunatimiza miaka 20 ya ndoa. Tumezaliwa hapa Lubumbashi, bahari hatujaiona kwa macho. Tunataka kisiwa cha mbali, chenye utulivu. Wengine wanatuambia Unguja, wengine Shelisheli, mtoto wetu anasema Mafia. Hatujui kuogelea, na makuta si mengi. Twende wapi? Mama wa Katuba

JIBU: Mdogo wangu, msikilizeni mtoto.

Shelisheli, ndege peke yake itawamaliza. Unguja ni nzuri, ila mwezi wa 12 imejaa wageni. Mafia iko kusini yake, mbele ya midomo ya mto Rufiji, na njia madereva wetu wa malori wanaijua mpaka mashimo yake: Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Tunduma, Mbeya, Dar es Salaam. Pale Mbagala mnapanda gari la kwenda bandari ya Nyamisati, halafu kivuko hadi Kilindoni, mji wa Mafia.

Mwezi mmeuchagua vizuri. Mimi mara ya kwanza nilikwenda mwezi wa 5, katikati ya masika. Siku 3 nilikaa barazani nikitazama mvua, hakuna chombo kilichotoka. Makuta yale niliyakusanya miaka, hata leo nikikumbuka ninaumia.

Nikarudi mwezi wa 12. Tangu mwezi wa 10 hadi wa 2 papa potwe wanakuja karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini anakula vijidudu na visamaki vidogo vya majini tu. Nilibaki nimeshika ukingo wa boti. Akapita chini yetu taratibu, mrefu kuliko boti yenyewe, mgongo una madoa meupe kama mtu amemnyunyizia unga wa bukari. Machozi yalinitoka. Hiyo haihitaji kuogelea.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kupwa na kujaa kwa maji ya bahari. Sisi tunajua Moero, na ziwa halihami. Kule kijiji cha Utende niliamka asubuhi nikakuta maji yameondoka, ngalawa zimelala ubavu mchangani, akina mama wako mbali kabisa na vijiti vyao, wanachokoa pweza kwenye mashimo ya miamba. Niliogopa. Mzee mmoja mvuvi akaniambia, "Yanarudi mchana, mama." Yakarudi.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakwenda mbali zaidi, wanaita bamvua. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, mkondo unapungua nguvu. Kwa hiyo tazameni mwezi kabla ya kupanga siku. Ninyi msiojua kuogelea, kuoga ni siku za maji mafu. Mkipenda kutembea na akina mama wa pweza, fikeni siku za bamvua.

Vukeni pia hadi kisiwa kidogo cha Chole mkaone popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kweupe, lakini kubalianeni na nahodha saa ya kurudi, kwa sababu maji ndiyo yanayoamua. Mule ni hifadhi ya bahari tangu 1995, mnalipa ada kila mtu kila siku, muihesabu mapema. Watu wengi ni Waislamu: chukua vikwembe vya kutosha kujifunika. Sombe utaipata, wanaiita kisamvu.

Na kadi ya njano ikae ndani ya pasipoti. Sisi tunaotoka Kongo, Tanzania inatudai chanjo ya homa ya manjano.