Muulize Fundi: Kioo cha dereva kimekwama, je, gari litafeli MOT?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni Mtanzania, naishi Leicester, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kwa hiyo bila gari sina kazi. Kioo cha mlango wa dereva kimekwama katikati. Nikibonyeza swichi nasikia mlio ndani ya mlango lakini kioo hakipandi wala hakishuki. Kwa ajili ya mvua nimebandika nailoni kwa selotepu. MOT yangu, ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka hapa Uingereza, inaisha mwezi ujao. Gereji moja imeniambia bila kubadilisha mashine ya kioo gari litafeli, na bei waliyonitajia imenikosesha usingizi. Ni kweli litafeli?
*Msomaji, Leicester*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Nianze na unachotaka kusikia: hapana, kioo cha mlango kisichopanda wala kushuka si sababu ya kufeli MOT. Katika mambo ambayo mkaguzi anatakiwa kuyaangalia kwenye gari la kawaida, hakuna linalomwambia abonyeze swichi za vioo vya milango aone kama vinafanya kazi. Kiwe kimekwama juu, kimekwama chini, au kimekwama katikati kama chako, kwa kukwama peke yake hakikufelishi.

Najua imani hii inatoka wapi. Wengi wetu tulijifunza udereva nyumbani, na mwalimu alitufundisha ishara za mikono kabla hata hatujawasha injini. Unatoa mkono nje kuonyesha unageuka au unapunguza mwendo. Hata hapa Uingereza ishara hizo zimo kwenye kitabu cha sheria za barabarani. Basi mtu anahesabu kwamba kioo lazima kishuke ili mkono utoke. Mawazo yake yana mantiki, ila MOT haiangalii jambo hilo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapo ulipo kuna kitu kinachoweza kukufelisha, nacho si kioo. Ni ile nailoni. Mkaguzi anakaa kwenye kiti cha dereva na kuangalia dereva anaona nini mbele na pembeni. Kioo cha nje cha kutazamia nyuma, kile cha upande wa dereva, ni cha lazima kwa magari yote yaliyoanza kutumika tangu Agosti 1978, na unakitazama kupitia dirisha hilo hilo. Ukiweka nailoni yenye mikunjo, au mfuko mweusi wa taka kama ninavyoona watu wakifanya, kioo hicho hakionekani tena, na hapo mkaguzi ana haki kabisa ya kuandika kosa kubwa. Siku ya ukaguzi bandua nailoni yote, futa na ile gundi ya selotepu inayobaki kwenye kioo. Na usiendeshe nayo usiku, hata iwe siku gani. Wewe unatoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine saa tano za usiku, kuna watu wa baiskeli wasiovaa chochote cha kung'aa. Heri ulowe bega kuliko usimwone mtu.

Jambo la pili ni mlango wenyewe. Mlango wa dereva na wa abiria wa mbele lazima ifunguke kwa kitasa cha ndani na cha nje. Ninalitaja kwa sababu mashine ya kioo na waya wa kitasa zinakaa jirani ndani ya mlango, na mtu akishaufungua mlango kupachika kabari ya kuzuia kioo, mara nyingi anaurudisha ubao wa ndani wa mlango huku waya wa kitasa umechomoka. Kisha anazoea kushusha kioo na kutoa mkono nje ili afungue mlango. Hilo linafelisha. Jaribu vitasa vyako vyote leo, ndani na nje, na vya milango ya nyuma kwa nje.

La tatu, kama kioo kimevunjika na kuacha kingo kali mahali mtu anapoweza kujikata, usitegemee kupita. Chako kizima, kwa hiyo tuendelee.

Huo mlio unaousikia unanipa moyo. Mota inazunguka, maana yake umeme unafika: fyuzi nzima, swichi nzima, waya mzima. Kilichokufa ni kile kinachobeba kioo. Kwenye magari madogo mengi kioo kimeshikwa chini na vibano viwili vya plastiki vinavyopanda na kushuka kwenye reli, vikivutwa na waya mwembamba wa chuma kama wa breki za baiskeli. Plastiki inazeeka, baridi inaifanya iwe rahisi kupasuka, siku moja asubuhi kioo kimegandia kwenye raba kwa barafu, mtu anabonyeza swichi, kibano kinapasuka. Mota inaendelea kuzunguka bila kuvuta kitu. Ndiyo sababu ninawaambia watu: asubuhi ya barafu msiguse swichi za vioo mpaka gari lipate joto.

Kingekuwa kimya kabisa ningekwambia kitu kingine. Ningekwambia uangalie ile bomba ya raba kati ya mlango na mwili wa gari, pale waya zinapopita. Kila ukifungua mlango zinakunjwa, na baada ya miaka mmoja unakatika ndani bila ganda lake kuonyesha dalili. Na kingekuwa kinapanda kwa kujikongoja, ningekwambia usafishe mifereji ya raba na kupuliza silikoni, si mafuta ya injini wala grisi, maana hizo zinaila raba na kukusanya vumbi.

Kwa hali yako, usikubali neno "mashine mpya" kabla ubao wa ndani wa mlango haujatolewa na ukaonyeshwa kilichovunjika. Mwambie fundi: nionyeshe. Kama ni kibano tu, kwa magari mengi kinauzwa peke yake na mota yako inabaki. Kama waya umefumuka na kujisokota kwenye gurudumu lake, hapo kweli utahitaji mashine, lakini hata hivyo mota ya zamani mara nyingi inahamishiwa kwenye mashine mpya. Omba bei ya spea na bei ya kazi viandikwe mbalimbali. Yadi za magari mabovu nazo zina mashine nzima kutoka kwenye gari kama lako. Hakikisha tu ni ya mlango wa kulia, ya mbele, na ya mwaka unaofanana. Wakati unasubiri, kioo kivutwe juu kwa viganja viwili, kimoja ndani na kimoja nje, na kizuiwe kwa kabari ndani ya mlango. Vidole visiingie kati ya kioo na fremu.

Na hao waliokwambia litafeli? Sitawahukumu bila kuwasikia, lakini nina uchungu na jambo hili na nitalisema. Watu wetu wanatozwa kwa hofu. Mtu ana karatasi zake za uhamiaji za kushughulikia, ana zamu mbili, Kiingereza cha gereji hakielewi, anaambiwa "utafeli" na anatoa kadi. Ukaguzi wa gari una bei ya juu kabisa iliyowekwa na serikali, pauni 54.85, na gari likifeli lazima upewe karatasi yenye kila sababu imeandikwa. Tangu Mei 2018 makosa yanagawanywa: ya hatari, makubwa na madogo, mawili ya kwanza yanafelisha, dogo halifelishi. Juu ya hayo kuna ushauri tu, ambao ni wa kukukumbusha. Atakayekwambia kioo chako kinafelisha, mwombe akuonyeshe kwenye karatasi hiyo limeandikwa wapi. Usiporidhika una siku 14 za kazi kukata rufaa kwa DVSA, shirika la serikali linalosimamia ukaguzi, ila usitengeneze kitu kabla hawajaliona gari.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa watu wa kipato chetu. Halmashauri nyingi za miji zina vituo vyao vya kukagua mabasi na magari yao, na vingi vinapokea raia. Kwa kawaida wao hawatengenezi magari ya raia, kwa hiyo hawana cha kukuuzia. Peleka huko. Unaweza kwenda mapema mpaka mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya tarehe yako, na tarehe ya mwakani haibadiliki. Kwa hiyo usingoje siku ya mwisho.

Pamoja na yote hayo, kitengeneze, mwanangu. Mvua ikiingia inateremka kwenye swichi na spika, na gari lenye dirisha wazi mtaani linaita wezi.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Jiwe kutoka kwenye lori limepiga kioo changu cha mbele nikiwa kwenye barabara kuu ya M6. Kuna kidonda kidogo kama punje ya mahindi, na kaufa kanaanza. Kuna anayesema nitafeli, kuna anayesema sitafeli.
*Baba wa wawili, Coventry*

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, inategemea jiwe limepiga wapi.

Keti kwenye kiti chako, tazama mbele. Chora akilini mkanda wa wima wenye upana wa milimita 290, katikati yake ikiwa sawa na katikati ya usukani, ndani ya eneo linalofagiwa na wipa. Kidonda kikiwa ndani ya mkanda huo, hakitakiwi kuzidi duara la milimita 10. Kikiwa nje ya mkanda lakini bado ndani ya eneo la wipa, kikomo ni duara la milimita 40. Punje ya mahindi ndani ya mkanda ni hatari, maana ipo kwenye milimita 10 hiyo hiyo au karibu. Punje ile ile upande wa abiria inapita. Na kumbuka kwamba si vidonda tu: kibandiko cha duka au simu iliyoning'inizwa katikati ya eneo hilo inapimwa vivyo hivyo.

Lakini wewe una ufa unaotembea, na huo ndio wa kuuogopa. Weka kipande cha selotepu angavu juu ya kidonda leo, ili uchafu na maji visiingie, kisha kizibwe kwa dawa wiki hii. Bima nyingi za comprehensive (bima kubwa) zina kipengele cha kioo cha mbele. Soma karatasi yako, kuziba kidonda ni rahisi mno kuliko kubadilisha kioo kizima. Asubuhi ya barafu usimwage maji ya moto, na usielekeze hewa ya moto kabisa kwenye kioo mara unapowasha. Kaufa ka sentimita mbili huwa kanafika upande wa pili kwa namna hiyo.

Ukiwa hapo, fungua boneti ujaze maji ya kuoshea kioo. Watu wanafeli kwa chupa tupu! Mkaguzi anabonyeza, hakuna kinachotoka, gari limefeli. Na raba za wipa zikiwa zimechanika, badilisha, ni kazi ya dakika chache.

SWALI: Mzee, nimenunua gari lina tinti nyeusi mpaka mbele. MOT yake imepita mwezi uliopita. Basi ni halali, si ndiyo?
*Kijana, Birmingham*

JIBU: Si lazima, kijana wangu. Katika MOT mkaguzi hapimi kwa kifaa tinti inapitisha mwanga kiasi gani. Polisi na maofisa wa DVSA barabarani wanapima. Kwa gari lililoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1985, kioo cha mbele lazima kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga, na vioo vya milango ya mbele asilimia 70. Vya nyuma havina kikomo, weka giza utakalo. Ukikamatwa na kioo cha mbele cheusi unaweza kuzuiwa kuliendesha mpaka tinti itolewe, hapo hapo ulipo, hata kama cheti cha MOT kiko mfukoni. Toa ya mbele kwa mvuke au joto kabla hujasimamishwa.

SWALI: Fundi, nataka kulipeleka gari langu Mombasa. Lina MOT ya miezi minane. Inatosha?
*Msomaji, Reading*

JIBU: Haitoshi. MOT ni ya barabara za hapa. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, linataka gari lililotumika likaguliwe na wakala wake kabla ya kupakiwa melini, na hicho ndicho cheti kitakachoulizwa bandarini. Gari liwe na usukani wa kulia na lisizidi miaka 8. Angalia mwaka kabla hujalipa hata senti ya meli, kwa sababu likizidi hakuna fundi atakayekusaidia. Halafu weka miadi ya ukaguzi huo ukiwa bado huku, na kioo kilichopasuka kibadilishwe kwanza.