Legends: Z-A: mapigano yamenoga, msako umepoa

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama Pokémon Legends: Z-A, gemu ya kukamata na kupiganisha viumbe, inafaa kununuliwa na mtu mwenye mashine ya Nintendo Switch ile ya kwanza na hela ya gemu moja tu, na naona majibu yanakuvuta huku na huku. Mmoja anakwambia haijawahi kutoka Pokémon tamu kama hii, anayefuata anakwambia utauziwa kuta zilizopakwa rangi. Mimi nimeimaliza hadithi yake na bado naicheza, na mfululizo huu nimekua nao hapa Tanga tangu enzi za Game Boy Advance, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu. Wachangiaji wa juu hawapingani kama wanavyodhani. Kundi moja linazungumzia kupigana, jingine linazungumzia kusaka, na kwa maoni yangu wote wamesema kweli.

Nianze na kupigana, maana hapo ndipo jasho la watengenezaji lilipoishia. Tangu zile za kwanza zilipotoka Japani mwaka 1996, Pokémon kuu zimekuwa gemu za zamu: unachagua pigo, mwenzako anachagua lake, mwenye kasi anatangulia, mnatazama matokeo. Z-A, iliyotoka tarehe 16 Oktoba 2025, imefuta zamu kabisa. Unashikilia kitufe cha kulenga, unabonyeza moja ya mapigo manne, na kiumbe wako anakwenda kupiga hapo hapo huku wewe mwenyewe ukikimbia uwanjani. Pigo likishatumika linahitaji sekunde kadhaa kabla halijarudi. Yale mazito yanachelewa, mepesi yanarudi upesi.

Mtu akikusimulia hivyo unaweza kudhani ni kubonyeza bonyeza tu. Sivyo. Mimi nilianza na Totodile, mamba mdogo wa maji, na alipokua akawa Feraligatr nilijikuta nafikiria mambo ambayo Pokémon haijawahi kuniuliza. Pigo la Ice Fang linamlazimu amsogelee adui mpaka puani, na akiwa kule karibu naye anakula kipigo. Hydro Pump inarushwa toka mbali, lakini inachukua muda kuanza, na kukiwa na nguzo katikati maji yote yanaishia kwenye nguzo. Protect, ile ya kujikinga, ambayo zamani ulikuwa unaiweka kwa kubahatisha, sasa unaitoa kwa jicho: unaona adui anakusanya nguvu, unasubiri, unabonyeza. Ukichelewa kidogo umekwisha. Usipompa amri anakufuata wewe, kwa hiyo hata mahali unaposimama ni sehemu ya pambano.

Halafu kuna viumbe walioingiwa na nguvu ya Mega, ile inayombadilisha kiumbe kwa muda awe na nguvu zaidi, wakapagawa. Hao hawampigi kiumbe wako peke yake, wanakupiga na wewe mwenye kuamuru. Unabiringika, unakwepa, unaokota nguvu zinazodondoka ili na wako aingie umbo la Mega, na ukizidiwa wewe ndiye unayeanguka. Mpwa wangu wa kike anayekuja kwetu Chumbageni wakati wa likizo hakuwahi kuwa na subira na zile za zamu, alikuwa anazitazama dakika tano anaondoka. Hii ukimpa pedi ya kuchezea hairudi. Vijana waliokulia kwenye mabanda ya PlayStation pale Ngamiani, ambao kwao gemu ni mkono na jicho, wataielewa mara moja. Mashabiki wa zamani walioandika hapo juu kwamba "hii siyo Pokémon" nawaelewa, lakini nawaomba waipe usiku mmoja wa kweli. Nasema usiku kwa sababu giza likiingia sehemu za jiji zinageuka viwanja vya mashindano, unamnyatia mpinzani kwa nyuma, ukimwahi kabla hajakuona unaanza na faida. Unakusanya pointi, unapata tiketi, unapanda daraja kutoka Z kuelekea A. Kinachoniudhi hapo ni kwamba hadithi inakurusha madaraja mengi ya katikati, na ngazi niliyotaka kuipanda moja moja nikaikuta imekatwa.

Sasa kusaka, na hapa nina uchungu.

Satoshi Tajiri, aliyeibuni Pokémon, alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu pembezoni mwa Tokyo kabla madimbwi na mashamba hayajamezwa na majengo. Amesema mwenyewe kwamba gemu ilizaliwa na mapenzi hayo. Na utamu wa kukusanya wadudu, yeyote aliyekimbiza kereng'ende kwenye majani ya mto Zigi anaujua, ni kwamba kila mmoja ana kwake. Yule hukai kumsubiri kwenye mchanga, huyu humkuti jua la saa saba. Unamjua mahali pake kwanza, ndipo unamjua yeye.

Niwape mfano wa kwetu. Pokémon Ruby na Sapphire zilitoka Japani mwaka 2002 na ndani yake kuna samaki anaitwa Relicanth. Humvui kwa ndoana ufukweni. Lazima upate uwezo wa kupiga mbizi, ushuke chini ya bahari, utafute penye mwani mzito, na hata hapo hajitokezi kirahisi. Mjomba alinipa Game Boy Advance yenye Sapphire, na nilizunguka kwenye ule mwani jioni nzima kabla hajatokea. Na hakuwa pambo: bila yeye na nyangumi Wailord kwenye kikosi chako, mlango wa wale viumbe watatu adimu waitwao Regi haufunguki. Relicanth ametokana na silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka zamani za dinosaria mpaka mmoja akanaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Baada ya mwaka 2003 wavuvi wa hapa kwetu wakaanza kuwatoa kwenye nyavu za jarife, wengi wao, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao kusini mwa mji, upande wa Kigombe. Hebu fikiria mtoto wa Tanga anasikia habari hizo redioni naye Relicanth anaye kwenye mfuko wa kaptula, amemtoa kilindini kwa mkono wake. Tangu hapo nilijua kwamba watengenezaji wale walimpa yule samaki mahali anapostahili, kirefu, gizani, kwa shida.

Z-A yote inafanyika ndani ya jiji moja, Lumiose, jiji kuu la Kalos, nchi iliyochorwa kwa kuitazama Ufaransa. Viumbe wa pori wamewekwa kwenye maeneo ishirini yaliyozungushiwa uzio wa mwanga, na maeneo hayo yanafunguka kadiri hadithi inavyosonga. Unaingia, unakuta bustani au kiwanja, kuna aina kadhaa zinatembea, unanyata, unarusha mpira, unatoka. Ukitaka wazaliwe upya unakaa kwenye benchi usiku ugeuke mchana, unarudi. Kuna watu wanafanya hivyo mamia ya mara kutafuta wenye rangi adimu na wanafurahia, siwalaumu. Ila sijawahi hata siku moja kujiuliza, "Huyu atakuwa anakaa wapi?" Ramani inaniambia. Wachache wanapatikana vichochoroni, juu ya mapaa, kwenye mifereji ya chini ya ardhi, na hao ndio walionipa furaha ya kweli ya kusaka, kwa sababu nilipanda ngazi na kuruka mapaa kabla sijawaona. Natamani nusu ya viumbe wangekuwa hivyo.

Najua utetezi wake. Hadithi yenyewe ni ya kampuni inayolijenga upya jiji ili watu na Pokémon waishi pamoja, na wakazi wananung'unika kwamba maeneo ya pori yanawanyang'anya mitaa. Ni wazo zuri, tena zito. Lakini gemu inalitaja wazo hilo kuliko inavyolionyesha. Kiumbe wa mjini ana tabia za mjini: paka wa sokoni si paka wa shambani. Mule ndani wengi wametua tu kwenye nyasi wanasubiri mpira.

Linganisheni na Legends: Arceus ya Januari 2022, dada yake mkubwa. Picha zake si nzuri, miti inachomoza ghafla ukikaribia, lakini ina mbuga, kinamasi, pwani, milima na theluji, na kitabu chako cha viumbe hakijai kwa kukamata tu. Lazima umtazame, umwone akitumia pigo fulani, umpe chakula, umkamate bila kukuona, umsome. Ile ndiyo kazi ya Tajiri na wadudu wake. Z-A imebeba jina la Legends lakini sehemu hiyo imeachwa nyuma.

Kuhusu majengo, waliolalamika hawajaongeza chumvi. Madirisha na vibaraza vingi ni picha zilizobandikwa ukutani, ukikaribia unaona ubapa wenyewe. Na nyumba za kuingia ni chache. Kinachonisumbua zaidi ya ubapa ni kufanana. Ngamiani mitaa yake imenyooka na kupewa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, lakini mwenyeji akishushwa popote pale anajua yuko ya ngapi kwa kutazama duka, msikiti, au mama wa bajia kwenye kona. Lumiose nilikuwa natazama ramani mpaka mwisho, kwa sababu mkahawa ni ule ule na mti ni ule ule. Kwa upande wa mashine ondoa wasiwasi. Pokémon Scarlet na Violet za mwaka 2022 zilitoka zikiwa zinakwama na kuzima, mpaka Nintendo wakaomba radhi. Hii inakwenda vizuri hata kwenye Switch ya zamani, ila picha ni hafifu kidogo na watu wa mbali wanachelewa kutokea. Switch 2 ni laini zaidi, lakini hukosi gemu kwa kukosa mashine mpya.

Sauti za wahusika hakuna. Midomo inafunguka, maandishi yanapita. Mimi nilikuwa namsomea mpwa wangu kwa Kiswahili, yule mzee mrefu AZ mwenye hoteli nikimpa sauti ya babu yetu, na kwa mazungumzo ya kawaida ilitosha, hata ilitufurahisha. Lakini kwenye matukio makubwa, mtu anapiga kelele na hakuna kelele, mtoto aliniuliza kama televisheni imeharibika. Mfululizo unaouza kiasi hiki hauna sababu ya kuendelea kuwa bubu.

La fedha sasa. Bei yake Marekani ni dola 59.99 kwa Switch na 69.99 kwa toleo la Switch 2. Nyongeza yake, Mega Dimension, ilitangazwa Septemba, gemu yenyewe haijatoka, nayo ni dola 29.99. Watu walikasirika na walikuwa na haki. Kumwonyesha mteja kiporo kabla hajaletewa chakula si adabu. Kibaya zaidi kwetu ni jiwe la kumwingiza Greninja, yule chura maarufu, kwenye umbo la Mega: lilitolewa kama zawadi ya kupanda daraja kwenye mashindano ya mtandaoni, ambayo yanadai uanachama wa kulipia. Kwa mtu wa hapa, anayenunua namba za malipo (code) kwa akaunti ya nchi nyingine na kupigana kwa bando la simu, hiyo ina maana umbo moja maarufu kabisa limewekwa nyuma ya mlango wa pesa na mtandao. Mtandao ukitikisika katikati ya pambano la papo kwa papo umeshapigwa. Nimeyacheza hayo mashindano usiku sana, wakati mtandao umetulia, na yanafurahisha mno, ndiyo maana linaniuma.

Bahati nzuri kubadilishana viumbe na kupigana kwa mashine zilizo karibu hakuhitaji intaneti. Binamu yangu alipokuja toka Mombasa kwenye harusi alikuwa na Switch yake, tukakaa barazani tukabadilishana Haunter kwa Haunter, maana kiumbe huyo hukua akibadilishwa, wote wawili wakawa Gengar mbele ya macho yetu, watoto wamejaa mabegani. Halafu tukapigana mpaka betri zikaisha. Hakuna gemu ya zamu iliyowahi kukusanya watazamaji kiasi kile pale nyumbani.

Kwa hiyo mkuu, jiulize unapenda nini. Kama raha yako ni kupigana, nunua Z-A bila kusita, hutajuta. Kama raha yako ni kumtafuta kiumbe kwake mpaka umpate, hela yako ya gemu moja ipeleke kwenye Legends: Arceus, hii isubiri ishuke bei. Vyovyote utakavyoamua chukua kadi yenye gemu, usipakue, kwa sababu kadi ukichoka nayo unaiuza, na kadi ya Switch ya kwanza itaingia kwenye Switch 2 siku ukiipata. Nyongeza iache kwanza mpaka umalize hadithi.

Na kama uko Tanga mjini na una Kadabra anayesubiri kuwa Alakazam, nitumie ujumbe. Wangu naye bado amekwama hapo, Jumamosi jioni huwa nipo Raskazone na mashine nakuwa nayo.