Maswali na Majibu: Kihariri Kinapoona Makosa Ambayo Programu Haina

Barua nyingi zilizofika katika safu hii zinahusu Android Studio, programu inayotumika kuandika na kujenga programu za simu za Android: mistari myekundu isiyoeleweka, mradi unaogoma baada ya kusasishwa, ukaguzi wa msimbo unaotoa majibu tofauti kwenye kompyuta tofauti. Tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Majina ya menyu na ya faili tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili msomaji asipotee njiani.

Swali. Ndugu Mhariri, nimefungua mradi wangu wa lugha ya Kotlin na kukuta karibu kila faili imejaa maandishi mekundu yasemayo "Unresolved reference", hata kwa klasi nilizoziandika mwenyewe. Ajabu ni kwamba nikibonyeza kitufe cha kuendesha, programu inajengwa na kufunguka kwenye simu bila tatizo. Je, niamini kihariri au niamini simu? *Msomaji, mwanafunzi*

Jibu. Amini simu kwanza, kisha umtafute aliyekidanganya kihariri. Android Studio, iliyojengwa juu ya IntelliJ IDEA ya JetBrains, ina wasomaji wawili wa msimbo wako ambao hawawasiliani kila wakati. Wa kwanza ni kihariri chenyewe, ambacho hutengeneza faharasa ya faili zote na kukagua kila unachoandika papo kwa papo. Wa pili ni Gradle, ambayo ndiyo huijenga programu hasa. Kihariri hakijui chenyewe maktaba gani zinatumika wala folda zipi zina msimbo. Huiuliza Gradle wakati wa kusawazisha mradi, kisha hulishika jibu hilo na kuendelea kulitumia hata baada ya mambo kubadilika. Ukihamia tawi jingine la Git (mfumo unaotunza matoleo ya msimbo) lenye maktaba tofauti, au ukivuta mabadiliko ya mwenzako aliyeongeza moduli mpya, Gradle itaiona hali mpya mara ujenzi unapoanza, ilhali kihariri bado kinaweza kuwa kimeshikilia jibu la zamani.

Kipimo cha kwanza, basi, ni kufungua terminali ndani ya folda ya mradi na kuandika `./gradlew assembleDebug`. Amri ikifaulu, msimbo wako ni mzima na tatizo liko upande wa kihariri. Ikishindwa, achana kwanza na rangi nyekundu na usome ujumbe wa Gradle, kwa sababu huo ndio utakaokuzuia kutoa programu.

Kwa kuwa programu yako inajengwa, anza na Sync Project with Gradle Files katika menyu ya File, na usubiri mpaka upau wa maendeleo ulio chini ya dirisha umalize kazi yake. Wengi huanza kulalamika wakati faharasa bado inatengenezwa. Kisha fungua dirisha la Build Variants na uangalie ni aina gani ya ujenzi iliyochaguliwa. Klasi iliyomo katika `src/debug` haionekani na kihariri pale ulipochagua release (toleo la kutolewa kwa watumiaji), na hapo wekundu huo si uongo hata kidogo. Vilevile kuna klasi ambazo hazipo mpaka ujenzi uzizalishe, kama zile zitokanazo na faili za protobuf, zinazoeleza muundo wa data. Jenga mradi mara moja na nyingi kati yake zitatulia.

Yakishindikana hayo ndipo utumie Invalidate Caches. Najua wapo wanaoanza na dawa hiyo kila mara. Mimi naiweka mwisho, si kwa sababu haifanyi kazi, bali kwa sababu hulazimisha faharasa yote itengenezwe upya, jambo linaloweza kuchukua muda mrefu kwenye mradi mkubwa, na ikisaidia unabaki hujui kilichokuwa kimeharibika ni kipi. Wiki ijayo utairudia.

Nyongeza kwa wale ambao wekundu wao unaandamana na ujenzi kushindwa, hasa pale kila `R.layout` na `R.id` (majina ya klasi ya R yanayoelekeza kwenye rasilimali za programu, kama mipangilio ya skrini) inapokataliwa: tazama juu kabisa ya faili kama hakuna mstari wa `import android.R`. Kihariri huweza kuuingiza chenyewe unapokubali pendekezo lake bila kulisoma, na tangu hapo R inayotumika ni ya mfumo wa Android, si ya mradi wako. Ufute. Ikiwa mstari huo haupo na mradi umehamia toleo la 8.0 la programu-jalizi ya Android ya Gradle, kumbuka kuwa tangu toleo hilo klasi ya R ya kila moduli hubeba rasilimali za moduli hiyo tu; rasilimali iliyo katika moduli nyingine huna budi kuiita kupitia R ya moduli hiyo.

Swali. Baada ya kusasisha Android Studio, mradi wa zamani uliokuwa ukifanya kazi vizuri sasa unakataa kusawazishwa na kusema "Unsupported class file major version 65". Mwenzangu naye, kwenye mradi mwingine, anaambiwa kwamba programu-jalizi ya Android inahitaji Java 17 na yeye anatumia Java 11. Tumejaribu kubadilishana suluhisho lakini kila mmoja ameharibu zaidi. *Wasomaji wawili*

Jibu. Mmeharibu kwa sababu magonjwa yenu ni kinyume: mmoja ana Java mpya kupita kiasi na mwingine ana Java iliyopitwa na wakati.

Namba iliyo katika ujumbe wa kwanza ni ya muundo wa faili za klasi. Toa 44 na utapata toleo la Java: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, na 65 ni Java 21. Kwa hiyo Gradle ya mradi huo inaendeshwa na Java 21 nayo haina uwezo wa kuisoma. Gradle ilianza kukubali kuendeshwa na Java 17 katika toleo la 7.3, na Java 21 katika toleo la 8.5. Android Studio huja na Java yake yenyewe, na matoleo yaliyoanza na Ladybug, la mwaka 2024, yalihamia Java 21. Ndiyo maana mradi ambao haukuguswa na mtu ukavunjika siku ya kusasisha. Njia ni mbili. Ya haraka ni kwenda Settings, kisha Build, Execution, Deployment, kisha Build Tools, kisha Gradle, na kubadilisha Gradle JDK (Java inayoiendesha Gradle) iwe 17, mradi tu Gradle yako si ya kabla ya 7.3, ikiwa ni ya zamani zaidi, chagua 11. Ya kudumu ni kupandisha toleo la Gradle katika mstari wa `distributionUrl` wa faili ya `gradle-wrapper.properties`, ukihakikisha kwanza kwamba toleo la programu-jalizi ya Android linakubaliana nalo.

Mwenzako dawa yake ni kupandisha Java. Programu-jalizi ya Android 7.0 ilihitaji Java 11, na 8.0 ikahitaji Java 17 pamoja na Gradle 8.0 au zaidi. Hakuna mpangilio wa mradi utakaolikwepa sharti hilo. Na akishapanda hadi 8.0 asishangae kuambiwa kuwa `namespace` haijatajwa: jina ambalo zamani liliandikwa kama `package` katika `AndroidManifest.xml` sasa lazima liandikwe katika `build.gradle` ya kila moduli.

Jambo moja linalowachanganya hata wazoefu ni kwamba terminali na Android Studio zinaweza kutumia Java mbili tofauti katika mradi uleule. Android Studio hufuata Gradle JDK iliyochaguliwa kwenye mipangilio, na terminali hufuata `JAVA_HOME`. Andika `./gradlew --version` na usome mistari inayotaja JVM, yaani Java inayotumika, kabla ya kugusa chochote. Ikiwa mradi unajengwa kwenye dirisha moja na kushindwa kwenye jingine, hapo ndipo pa kuanzia.

Swali. Kihariri changu hakionyeshi onyo lolote siku hizi. Hata nikiacha kigeugeu kisichotumika, kimya. *Msomaji*

Jibu. Fungua menyu ya File na uone kama Power Save Mode imewashwa. Ikiwa imewashwa, ukaguzi wa chinichini husimama. Kama sivyo, bofya alama ndogo iliyo kwenye kona ya juu kulia ya kihariri na uangalie kiwango cha uangazaji: kikiwa None au Syntax, maonyo hayaonekani. Kirudishe All Problems. Kiwango hiki huweza kuwekwa kwa faili moja, ndiyo maana faili ya jirani huenda inaonyesha maonyo kama kawaida.

Swali. Kwenye kompyuta yangu programu hujengwa bila kosa, lakini seva yetu ya ujenzi huikataa kwa sababu ya Lint, chombo kinachokagua makosa katika msimbo. Nimezima ukaguzi husika katika Settings, bado seva inakataa. Kiongozi wa timu amependekeza tuizime Lint kabisa. Tufanyeje? *Msomaji, mtayarishaji programu*

Jibu. Msiizime, angalau si kabla ya kuelewa mlichozima na mlichoacha.

Ulichokibadilisha katika Settings, Editor, Inspections ni wasifu wa ukaguzi wa kihariri. Wasifu wa mradi huhifadhiwa katika folda ya `.idea/inspectionProfiles`, na Gradle haiufuati. Kikosi kikitaka kuona maonyo yaleyale ndani ya kihariri, faili hiyo iwekwe kwenye Git pamoja na msimbo, ikiwa `.idea` yote imepuuzwa na Git, kila mtu ana wasifu wake na ubishi hautakwisha. Lakini kwa Lint ya seva, panapohesabika ni faili ya `lint.xml` na kizuizi cha `lint` ndani ya `build.gradle`, basi.

Sababu ya pili ni kwamba `assembleDebug` haiendeshi Lint. Kihariri nacho hukagua faili ulizofungua, na hukwepa ukaguzi unaohitaji kuusoma mradi mzima, kama ule wa UnusedResources unaotafuta rasilimali zisizotumika. Unaweza, basi, kufanya kazi mchana kutwa bila kuona kosa ambalo seva italiona mara inapoendesha `./gradlew lint`. Endesha amri hiyohiyo kwako kabla ya kusukuma msimbo, kisha ufungue ripoti ya HTML iliyomo katika `app/build/reports`. Inaeleza kila kosa na sababu yake vizuri kuliko kumbukumbu za seva.

Hukutaja kosa lenyewe, lakini nitachukua lile linalowakuta wengi, yaani NewApi. Umeandika `LocalDate.now()`, minSdk ya mradi (kiwango cha chini kabisa cha Android ambacho programu inakubali) ni 21, na Lint inasema wito huo unahitaji kiwango cha API 26. Kiwango cha 26 ni Android 8.0. Simu yako ya majaribio ni mpya, hivyo programu hufunguka bila shida. Ikifika kwenye simu ya Android 7 itaanguka pale mstari huo unapofikiwa, kwa kuwa klasi ya `LocalDate` haimo kabisa kwenye mfumo wa simu hiyo. Kuandika `@SuppressLint("NewApi")` kunainyamazisha Lint na kuiacha simu ianguke. Ufumbuzi wa kweli ni kupandisha minSdk, au kuuzungushia wito huo sharti la `Build.VERSION.SDK_INT >= 26` na kuandika njia mbadala, au, na hili ndilo ninalolipendelea kwa tarehe na saa, kuwasha `coreLibraryDesugaring` na kuongeza maktaba ya `desugar_jdk_libs`, ambayo hubeba klasi hizo ndani ya programu yenyewe. Ukifanya hivyo Lint huacha kulalamika bila kuzibwa mdomo.

Ikiwa mradi ni wa zamani na una mamia ya makosa yasiyoweza kusafishwa kwa mara moja, tajeni `baseline` katika kizuizi cha `lint`, kwa mfano `baseline = file("lint-baseline.xml")`. Makosa yaliyopo yataandikwa humo na kuachwa, na jipya lolote litaisimamisha seva. Hapo mtaweza kulipa deni la zamani polepole. Kubadili `abortOnError`, mpangilio unaosimamisha ujenzi Lint inapokuta kosa, iwe false, kama anavyopendekeza kiongozi wenu kwa maneno mengine, hukuachia ripoti ambayo baada ya muda hakuna atakayeifungua.

Swali. Android Studio yangu inakwama, na ujenzi hukatika kwa ujumbe wa "Java heap space". Nimeongeza kumbukumbu kupitia Help, Change Memory Settings, lakini ujenzi bado unakatika. *Msomaji*

Jibu. Yaelekea uliongeza kumbukumbu ya kihariri. Hiyo inaweza kupunguza kukwama unakokuona unapoandika, lakini haiongezi hata kidogo kumbukumbu ya ujenzi. Ujenzi huendeshwa na mchakato mwingine kabisa, ambao mgao wake hupangwa katika faili ya `gradle.properties` ya mradi, kwenye mstari kama `org.gradle.jvmargs=-Xmx4g`. Ukibadilisha hapo na hakuna tofauti, tazama kama kuna faili nyingine yenye jina hilohilo ndani ya folda ya `.gradle` katika folda yako ya nyumbani: iliyopo huko hushinda ya mradi, na watu huiandika mara moja kisha wakaisahau.

Usiwe mkarimu kupita uwezo wa kompyuta. Kihariri, Gradle na kiigaji cha simu vikigawana gigabaiti 8, kuipa Gradle 6 kutafanya kila kitu kianze kuhamishiwa kwenye diski, na utaona polepole zaidi kuliko mwanzo. Pia, mchakato wa zamani wa Gradle haufi mara unapobadilisha mgao. Hubaki kwenye kumbukumbu mpaka ukae bila kazi kwa saa 3, huku mpya ukianzishwa kando yake. Baada ya kila badiliko andika `./gradlew --stop`, kisha ujenge upya.